Plagi ya Silinda ya Tatu

Jumatatu, 7 Julai

Kuanzia kivuko cha Likoni hadi mpaka wa Lunga Lunga, hajazaliwa fundi wa kunishinda masikio. Injini ikikohoa Diani, mimi nimekaa Msambweni nakunywa uji na nishajua ni silinda gani. Iko siku nitaweka mkono tu juu ya boneti, gari lipone lenyewe na watu wapige takbiri. Shule sikuiacha kidato cha pili kwa ujinga. Niliwahurumia walimu.

Leo kama kawaida. Nimetoka alfajiri msikitini, nimepitia mkoroshoni, nimemwasha Mgeni.

Mgeni ni pikapu ya marehemu baba. Amenizidi umri. Mlango wa abiria hufungwa kwa kamba ya mwani. Chumvi imemla huku chini mpaka ukikaa unaiona barabara inapita. Baba alimwita Mgeni kwa sababu haingii bila kubisha. Ukipiga stata hukohoa mara mbili, hunyamaza, mtu asiyemjua hudhani amekufa. Kisha hushika, na boneti lote hutetemeka kama kifuniko cha sufuria. Barabarani nako hukohoa kila akipunguza mwendo. Baba alikuwa akisema, "Mgeni amebisha hodi." Mama naye akiitika huko ndani, "Karibu." Utani wao huo wa miaka yote. Sisi watoto tukiona aibu.

Baba ametutoka kumi la mwisho la Ramadhani. Mama yuko eda. Chumba chake kinatazama uani, gari halioni. Alinitaka jambo moja tu: nimwashe Mgeni kila asubuhi, saa ile ya baba. Basi nawasha. Mgeni anabisha. Mama anaitika, "Karibu." Polepole, kama mtu anayejibu usingizini.

Hajauliza hata mara moja ni nani yuko kwenye usukani. Ha! Dereva jini. Malipo yangu ni chai iliyopoa ya Mwanaidi.

Mwanaidi ni dada yangu. Yuko kidato cha nne na mdomo wake uko chuo kikuu.

Jumanne, 8 Julai

Eda inaisha Alhamisi tarehe 31. Siku hiyo mama ataoga, atavaa, nami nitampeleka kwao Kibuyuni kwa gari la mumewe. Nimeapa mbele ya watu. Huko ndiko baba alikompata. Yeye akienda kubeba magunia ya mwani, mama yuko majini na wenzake wanafunga mwani kwenye kamba. Mama asema akikisikia kikohozi cha Mgeni toka njiapanda, alikuwa akijitia kuinama zaidi ili asionekane anangoja.

Asubuhi nimewasha. Hodi. Karibu.

Jumatano, 9 Julai

Nimekata shauri. Leo nimembadilishia Mgeni plagi zote.

Sababu: anakula petroli. Sababu nyingine: ni aibu. Mimi fundi wa gereji kubwa Ukunda, kwetu kuna gari linakohoa kama mvuta kiko. Siku ya kumtoa mama eda nataka tupite barabarani watu wageuke waulize, gari jipya hilo la nani?

Plagi nimenunua kwa Oti, mtu wa bara, ana duka la spea hapo Ukunda. Amenipiga picha na simu yake. "Budaa, hizi ni original, mzee wako angeona angedance." Nikamwambia babangu hakuwa mtu wa kucheza.

Kazi yenyewe ni ya kupiga mluzi. Nimefungua nne, nimefunga nne. Zile za zamani zilikuwa vichekesho. Tatu ni ndugu. Ya nne, iliyokaa silinda ya tatu, haikuwa ya gari hili hata kidogo. Ndefu, ina pua, imekwaruzwa alama ya tupa shingoni. Maskini baba. Aliokota alipookota akatia.

Zote nimempa Kombo, jirani yetu, mvuvi wa mshipi. Plagi kuukuu ndiyo chubwi bora. Inauzamisha mshipi moja kwa moja. Kombo amefurahi kama aliyepewa mke. Jioni ameleta changu wawili. Mwanaidi amewapika kwa nazi. Mama amekula akaramba vidole, asema siku nyingi hajaonja samaki mtamu hivi.

Fundi bora na mchuuzi bora. Siku moja, kazi mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Msiba.

Nimepiga stata, Mgeni amelipuka. Si mfano. Amelipuka kwenye ekzosi, kuku wamepanda paani, mtoto wa jirani amelia. Akatetemeka, akapiga tena, akazima.

Mama ameita toka ndani, "Athumani! Babako ana nini leo?"

Amesema babako. Hakusema gari.

Nikajibu ni baridi. Baridi! Msambweni!

Ijumaa, 11 Julai

Nimegundua. Waya mbili za plagi nilizipishanisha, ya pili na ya nne. Kosa la Mwanaidi, aliniita chai wakati nafunga. Nimemwambia hivyo. Amesema, "Ndiyo, Injinia. Na mvua ikinyesha pia ni mimi."

Nimezirudisha. Mgeni amewaka. Lakini anachechemea. Kwa lugha yetu ya gereji, anamisi. Kama mbuzi wa miguu mitatu.

Nimefanya kipimo cha fundi. Injini ikinguruma unachomoa waya mmoja mmoja. Chomoa wa kwanza, injini inazama. Maana yake silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Wa pili, inazama. Wa nne, inazama. Wa tatu, kimya. Hakuna kilichobadilika. Chomoa, rudisha, sawasawa. Nambari tatu imekufa.

Kesho nitaifufua. Sijashindwa na silinda tangu nizaliwe.

Jumapili, 13 Julai

Nimehamisha plagi ya kwanza nikaitia ya tatu. Nambari tatu ikafufuka, nikapiga kelele, Mwanaidi akaja kutazama. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha ikafa tena mbele ya macho yake.

Nimeifungua. Nyeusi, imelowa mafuta kama kitumbua.

Nimekwenda kugombana na Oti. Nimemwambia plagi zako ni za bandia, zinakufa kama nzi. Oti hakukasirika, ndilo lililoniudhi. Ameshika plagi, ameinusa. "Bro, hii si shida ya plagi. Hii imenyonyeshwa oil. Shida iko ndani kwa hiyo mtambo. Muulize mkubwa wako."

Mimi nimuulize mtu? Mimi?

Jumatatu, 14 Julai

Mgeni hakuwaka.

Nimepiga stata mpaka betri ikaanza kuguna. Nikaacha. Nikamsikia mama anavuta kiti. Hakuita.

Asubuhi ya kwanza bila hodi tangu baba afe. Nimeikata mimi.

Jumanne, 15 Julai

Nimebadilisha koili. Nimefungua distribyuta, nimepiga msasa. Nimekagua mipira yote ya hewa kwa kutia maji ya sabuni. Nimefungua kabureta nikaisafisha mpaka ingefaa kunywewa kahawa. Nimesafisha plagi ya tatu kwa petroli na brashi, nikaichoma moto ikauka.

Nimewasha. Dakika chache, nzima. Kisha mbuzi wa miguu mitatu.

Mama amesikia angalau kitu. Ameuliza mlangoni wakati nampa maji ya kutawadha, "Yuwakohoa sana siku hizi. Si vile kama zamani. Ni nini?"

Nimemwambia namhudumia. Nimemwambia asihofu, mwanawe ni nani. Amenishika shavu. Vidole vyake vimekuwa vyembamba.

Nimechukia kila kitu leo. Nimechukia hata mkorosho.

Alhamisi, 17 Julai

Nimejishusha. Nimemwendea Fundi Nassoro, mwenye gereji, mzee wa makamo aliyenifunza kushika spana. Alikuwa akimlisha paka wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo umeniamkia vizuri. Umeharibu nini?"

Nimemweleza yote. Silinda ya tatu. Plagi kulowa. Aliacha paka. Hakunitukana, na kila siku hunitukana.

"Plagi ya babako iko wapi?"

Nikauliza ipi.

"Ile ndefu. Yenye alama ya tupa."

Basi akanisomea. Silinda ya tatu ya Mgeni inakula oili tangu mimi sijazaliwa. Ringi za pistoni zimelika upande huo. Fundi mwenyewe alimwambia baba wafungue injini, baba akakataa, akasema gari lina kazi. Akenda Wasini kwa rafiki yake mwenye boti, akapewa plagi ya mashine ya boti ya zamani. Plagi ile ina joto zaidi, inaichoma oili badala ya kulowa. Aliitega mwanya wake kwa jicho. Kila mwezi aliifungua, akaipiga msasa, akairudisha. Miaka yote hiyo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ilihitaji kukohoa mara mbili ili iteketeze oili ya usiku, kisha inashika.

"Kikohozi kile hakikuwa ugonjwa, kijana. Ndiyo ilikuwa dawa."

Na mimi nilicheka. Nilisema, maskini baba, aliokota.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala nimekimbia kwa Kombo. Alikuwa akishona neti. Nimemwambia nirudishie chubwi zangu. Ametoa tatu kwenye kopo, zote ndugu. Nikamuuliza ile ndefu.

Ameshuka uso. Ile ndefu ndiyo nzito, kwa hiyo aliitia kwenye mshipi wa maji makubwa, nje ya mwamba. Juzi imenasa. Amevuta, kamba imekatika.

"Ungeniambia, yakhe. Ningeiweka sandukuni."

Tumekwenda wote wawili mpaka mwambani. Kusi linavuma, maji ni mafu, mwamba haujatoka ukaonekana. Tumesimama maji ya kifua, tunatazama povu. Kombo amenionyesha kwa mkono, pale, au labda pale. Pale na pale kuna bahari nzima.

Nimekumbuka wale changu. Mama aliramba vidole.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda Shimoni, nikavuka Wasini. Nimemtafuta yule rafiki wa baba. Amekufa kabla ya baba. Mwanawe amenipokea, amenipa chai na mkate wa mofa. Mashine za boti za siku hizi ni nyingine, plagi zake ni nyingine. Amefungua sanduku la babake tukalipekua. Hakuna.

Amesema babangu alikuwa akija na kuondoka kisiwa kizima kikijua, maana kikohozi cha Mgeni kiliwafika toka gati la Shimoni. Kisiwa kizima. Amecheka. Nikacheka. Nimerudi na boti ya mwisho.

Jumatatu, 21 Julai

Fundi Nassoro amekuja nyumbani mwenyewe na sanduku lake la spana, na Oti nyuma amebeba ringi mpya kwenye mfuko wa mkate. Sikuwaita. Fundi amesema siku ya harusi yake ni baba aliyembebea bi harusi kwa Mgeni, na mvua ilikuwa ya masika, na hawakukwama. Basi anafungua injini. Hataki maneno.

Oti amepiga magoti mbele ya mlango wa uani, ametoa pole kwa Kiswahili cha darasani. "Pole sana mama yetu, Mungu akupe nguvu." Mama ameitika vizuri. Baadaye amemuuliza Mwanaidi, "Yule mtoto mstaarabu ni wa nani?" Oti! Mstaarabu!

Tumefanya kazi mchana kutwa. Pistoni ya tatu imetoka nyeusi kama sufuria ya pilau. Nimeipangusa kwa shuka la zamani la baba. Sikujua ni la baba mpaka nilipolinusa.

Jumatano, 23 Julai

Mgeni amewaka!

Mguso mmoja. Mmoja! Hata stata haikuchoka. Nimeweka bilauri ya maji juu ya boneti na maji hayakutikisika. Watu wamejaa. Kombo amepiga makofi. Mwanaidi amepiga kigelegele, kisha akakumbuka tuko msibani akaziba mdomo. Fundi amenipiga begani akasema, "Sasa ni gari." Nimezunguka nalo mpaka hospitali na kurudi, mkono mmoja nje ya dirisha. Kama waziri.

Nilisema nini? Kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga.

Alhamisi, 24 Julai

Alfajiri. Nimekaa, nimefunga mlango kwa kamba, nimesema bismillahi. Mguso mmoja. Ameshika. Laini kama samli.

Nimengoja.

Nimengoja tena. Nimepiga resi kidogo, labda hakusikia.

Nimezima, nimeingia. Mama amekaa kitandani, amejifunika buibui uso mzima, kama wanavyofanya wakija wanaume wa nje.

"Nimesikia gari," amesema. "Nani amekuja?"

Nimesema ni sisi. Ni Mgeni. Amepona.

Amefunua uso. Ametazama dirisha lisiloonyesha gari. "Alhamdulillahi," amesema. "Amepona." Ameshika tasbihi yake. Kidole kimesimama kwenye punje moja, hakikwenda mbele.

Chai ya leo ilikuwa ya moto. Sikuinywa.

Ijumaa, 25 Julai

Nimewasha. Hakuna karibu.

Jumamosi, 26 Julai

Bamvua. Maji yametoka mpaka mwamba ukakauka. Nimekwenda peke yangu, viatu vya mpira, ndoo. Nimetembea mwamba mzima nimeinama kama wanawake wa pweza. Nimeupata mshipi wa Kombo. Kipande chake, kimezongwa kwenye tumbawe, rangi ya kijani ile ile. Nimeufuata kwa vidole mpaka mwisho. Mwisho umekatika. Hakuna kitu.

Kombo amenikuta narudi. "Gari si limepona? Plagi ya nini tena?"

Nimempa kipande cha mshipi wake. Mimi, fundi wa kuokota mishipi. Andikeni.

Hata ningeipata isingefaa. Ringi ni mpya, oili haipandi tena, hakuna cha kuteketeza. Najua. Mimi ni fundi. Nimekwenda hata hivyo.

Jumapili, 27 Julai

Leo nimefanya ujanja na naandika ili unikere kila nikiusoma.

Nimelegeza waya wa tatu. Nimepiga stata kidogo, nikakata. Akakohoa. Nikapiga tena, nikakata. Akakohoa mara ya pili. Nikanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza. Nikapiga, akashika, akachechemea, boneti likatetemeka. Barabara kabisa. Kama yeye. Nimekaa nimeshika usukani, nangoja neno moja.

Nikasikia ndara. Mama amekuja mpaka mlango wa ukumbi, mahali hajafika tangu tumzike baba. Hakutoka nje. Amesimama kwenye kivuli. Nimezima.

"Athumani," amesema. Si kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali. "Usimwigize babako, mwanangu."

Amerudi ndani.

Nimekaza ule waya. Nimeukaza mpaka spana imenikata kidole.

Jumatatu, 28 Julai

Sikuwasha. Hakuuliza.

Jumatano, 30 Julai

Mwanaidi amefua, amepiga pasi, amefukiza udi. Shangazi zetu wameanza kufika. Nyumba imejaa sauti za wanawake. Nimemwosha Mgeni mpaka nimeona rangi ambayo sikujua anayo. Buluu. Nimeuliza. Kumbe alikuwa buluu.

Mwanaidi amesimama mkoroshoni amenitazama. Nilidhani ataleta kijembe chake. Amesema tu, "Kaka, umekonda." Hakuniita Injinia. Nimemwambia aende zake akachemshe maji.

Alhamisi, 31 Julai

Wamemwogesha mama kabla jua halijapanda. Ametoka na leso mpya, wanja hakutia. Mchana wake wa kwanza nje. Alifumba macho kwa mwanga, akashika nguzo. Kisha amekwenda kwa Mgeni, ameweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Nilikuwa sijawasha.

Nimemfungulia ile kamba, ameingia. Mguso mmoja, ameshika. Mama ametazama mbele.

Njia nzima hadi Kibuyuni gari limekwenda kama maji. Mashimo ya barabara yako pale pale lakini injini haikuguna hata mara moja. Nimetaka kumwambia, unaona mama? Pale njiapanda ameinua kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza. Halafu amekishusha.

Kina mama walikuwa majini, migongo huku kwetu, wanafunga mwani. Zamani walikuwa wakisimama tangu tuko mbali, wakipunga leso, wakimtania: huyo wako anakohoa huyo, kimbia! Leo tumefika mpaka nyuma yao. Nimezima. Hakuna aliyegeuka.

Mama hakushuka mara moja. Amekaa, ametazama ile migongo.

Khalati, dada yake mkubwa, amegeuka kwa bahati tu, akashtuka, akaacha kamba ikachukuliwa na maji, akamwita mama kwa jina. "Mwanakombo! Mmekuja kimya kimya kama wezi!" Wamecheka wote, wametoka majini wamemkumbatia, wamemlowesha leso mpya. Mama amecheka. Kweli amecheka. Kisha kicheko kimegeuka kikawa kilio, wakamzunguka, nami nikaenda kukaa upande wa pili wa gari.

Amelala huko kwao. Nimerudi peke yangu.

Ijumaa, 1 Agosti

Kuko shwari. Mwanaidi yuko shule. Nimefagia mkoroshoni.

Fundi Nassoro asema shida ilikuwa ringi. Oti asema shida ni umri. Kombo asema shida ni yeye, ameniletea samaki wa kuomba radhi, nimekataa kuwapokea, kisha nimewapokea. Mimi nimewaambia watu plagi, waya, koili, baridi.

Wote waongo, nami mkubwa wao. Mgeni hakuwa na shida. Petroli alikula kama magari yote. Aibu hakunitia, wala hakuna mtu aliyewahi kunicheka kwa ajili yake.

Asubuhi ile kabla sijanunua plagi, niliwasha kama kawaida. Akabisha. Mama akasema karibu, na nilisikia kwa sauti yake kwamba kwa kitambo kile kidogo baba alikuwa hai, na mimi sikuwepo. Kila siku ndimi niliyeamka. Ndimi niliyetoka na umande. Nilitaka siku moja aamke asikie gari tofauti, aulize ni kazi ya nani, aambiwe ni ya Athumani.

Nilimwonea wivu babangu, naye yuko kaburini. Hilo ndilo lililoharibika.